Alama Juu ya Picha ya Jicho: Namna Programu za Kompyuta Zinavyochora, na Kwa Nini Mhudumu wa Afya Anapaswa Kujua

Utangulizi

Trakoma, ugonjwa wa macho ambao watu wengi huuita vikope, husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Maambukizi huanza utotoni, hujirudia mara nyingi, na baada ya miaka huacha makovu upande wa ndani wa kigubiko cha juu cha jicho. Makovu hayo hukivuta kigubiko hadi nywele za kope zigeukie ndani na kukwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Mwisho wa safari hiyo ni upofu usioponyeka. Uwanda wa kati wa Tanzania, wenye msimu mmoja tu wa mvua, vumbi jingi, uhaba wa maji na mifugo inayovuta nzi hadi karibu na makazi, umeujua ugonjwa huu kwa muda mrefu. Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma imekuwa uwanja wa tafiti za trakoma tangu miaka ya 1980. Miongoni mwa tafiti hizo ni ule uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu mchango wa kunawa uso katika kupunguza ugonjwa kwa watoto.

Mwaka 1987 mfumo rahisi wa Shirika la Afya Duniani wa kupanga dalili za trakoma ulichapishwa. Miongoni mwa walioandika chapisho hilo walikuwamo Sheila West na Hugh Taylor, watafiti ambao pia wamefanya kazi Kongwa. Kwa mujibu wa mfumo huo, mtoto huhesabiwa kuwa na trakoma ya vipele pale anapoonekana na vipele vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na kipenyo kisichopungua nusu milimita, katika sehemu ya kati ya utando wa ndani wa kigubiko cha juu. Ili mwanafunzi ajue sehemu hiyo inaanzia na kuishia wapi, picha ya jicho lenye afya inayotumika kufundishia imewekewa mstari wa nukta unaozunguka eneo la kukaguliwa.

Mstari ule haumo ndani ya jicho. Uliwekwa na mkono wa binadamu juu ya picha ili kumwambia mtazamaji: angalia hapa, si kule. Siku hizi mistari, miduara na mishale ya namna hiyo huchorwa katika kompyuta, iwe ni juu ya picha ya jicho, ya eksirei ya kifua au ya kipimo cha CT cha kichwa. Aliyeichora huiona iko mahali pake. Swali ambalo si wengi hulijiuliza ni hili: mstari huo umechorwa wapi hasa, ndani ya picha au juu yake? Makala hii inaeleza tofauti hiyo, namna programu nzuri inavyoishughulikia, na madhara yanayoweza kumpata mgonjwa pale inaposahaulika.

Picha ya kompyuta ni jedwali la namba

Picha ya kidijitali ni jedwali kubwa la namba. Kila chumba cha jedwali huitwa pikseli, na namba iliyomo hutaja mwangaza au rangi ya nukta moja. Picha ya jicho yenye upana wa pikseli 4,000 na kimo cha pikseli 3,000 ina vyumba milioni 12. Katika kipimo cha CT namba hizo zina maana ya kitabibu moja kwa moja: maji hupewa sifuri na hewa hupewa hasi 1,000, kwa kipimo kinachobeba jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack kwa kazi ya kuanzisha teknolojia hiyo.

Jedwali hilo hukaa katika faili. Kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta si jedwali lenyewe bali ni mchoro unaotokana nalo. Picha ikikuzwa, ikipunguzwa, ikisogezwa au ikiongezewa mwanga, jedwali halibadiliki. Programu hulisoma upya na kuchora tena. Kwa hiyo kuna vitu viwili ambavyo macho huvichanganya: picha iliyohifadhiwa, ambayo ni ushahidi, na mchoro wa kwenye kioo, ambao ni kivuli cha ushahidi huo kwa wakati ule.

Tukio la kuchora

Programu za kompyuta ya mezani hufanya kazi kwa kusubiri matukio. Mtumiaji akibonyeza kipanya, hilo ni tukio. Akigusa kitufe cha kibodi, hilo nalo ni tukio. Mojawapo ya matukio muhimu zaidi halitoki moja kwa moja kwa mtumiaji bali kwa mfumo endeshi wa kompyuta. Mfumo huiambia programu hivi: sehemu hii ya dirisha lako haifai tena, ichore upya. Ujumbe huo ndio huitwa tukio la kuchora.

Tukio la kuchora hutokea dirisha linapofunguliwa kwa mara ya kwanza, linapobadilishwa ukubwa, au linaporudishwa baada ya kushushwa chini ya kioo. Katika mifumo ya zamani lilitokea pia kila mara dirisha moja lilipofunikwa na jingine kisha kufunuliwa. Mifumo ya sasa huhifadhi nakala ya mwonekano wa kila dirisha, kwa hiyo kufunikwa peke yake mara nyingi hakuleti tukio hilo. Hata hivyo kanuni ya msingi haijabadilika: programu haipaswi kuamini kwamba kilichochorwa kwenye kioo kitaendelea kuwapo. Wakati wowote inaweza kuamriwa kuchora upya, na itakachoweza kuchora ni kile tu ilichokiandika mahali pa kudumu.

Programu yenyewe pia inaweza kuomba tukio hilo. Daktari anapovuta kipanya ili kuzungushia kipele, programu huuambia mfumo endeshi kwamba eneo hilo limepitwa na wakati. Mfumo hurudisha tukio la kuchora, nayo programu huchora picha pamoja na mduara mpya. Kwa macho ya binadamu mduara unaonekana kufuata mkono. Kwa kweli umefutwa na kuchorwa upya mara nyingi katika sekunde moja.

Makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza ni la programu inayochora alama moja kwa moja kwenye kioo pale kipanya kinapobonyezwa, bila kuiandika popote. Alama huonekana na mtumiaji huridhika. Kisha dirisha hubadilishwa ukubwa, tukio la kuchora hufika, programu huchora picha peke yake, na alama hutoweka. Mhudumu aliyekwisha kuzungushia vipele vinne huanza upya. Akiwa amechoka, au foleni ikiwa ndefu, huenda asivione tena vyote vinne.

Kosa la pili huzaliwa kutokana na jaribio la kuponya la kwanza. Ili alama isipotee, mtengenezaji wa programu huamua kuichora ndani ya jedwali lenyewe la picha: namba za pikseli zilizoko chini ya mstari hufutwa na kuandikwa namba za rangi nyekundu. Sasa alama haipotei kamwe, na hilo ndilo tatizo. Ukingo wa kipele uliokuwa chini ya mstari hauonekani tena, wala hakuna atakayeweza kuurudisha iwapo faili ya awali imefunikwa. Msomaji wa pili, ambaye kazi yake ni kukagua bila kujua mwenzake aliona nini, analazimika kuanza na jibu la mwenzake mbele ya macho yake. Picha za namna hiyo zikitumika kufunzia programu ya kutambua ugonjwa, programu inaweza kujifunza kutafuta mstari mwekundu badala ya kipele.

Ukiyalinganisha makosa haya mawili, la kwanza hupoteza maoni ya daktari na la pili huharibu ushahidi. La pili ni baya zaidi, kwa sababu maoni yanaweza kutolewa tena ilimradi ushahidi ungalipo.

Njia iliyo sahihi: daftari la alama

Programu iliyotengenezwa vizuri hutunza vitu viwili vilivyotengana. Cha kwanza ni picha ya awali, ambayo haiguswi. Cha pili ni orodha ya alama, mithili ya daftari: mduara mmoja, kitovu chake kipo hapa, kipenyo chake ni hiki, umechorwa na fulani, tarehe fulani. Kila tukio la kuchora linapofika, kazi hufanyika kwa utaratibu ule ule: picha huchorwa kwanza, kisha orodha husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila alama huchorwa juu ya picha. Utaratibu ukigeuzwa, picha itafunika alama zote na mtumiaji atadhani hazipo.

Mfano ulio karibu ni karatasi angavu ya plastiki inayolazwa juu ya filamu ya eksirei. Daktari huandika juu ya plastiki kwa kalamu ya wino. Plastiki ikiondolewa, filamu inabaki kama ilivyotoka kwenye mashine. Ikirudishwa, alama zinarudi mahali pake. Tabaka la alama katika kompyuta ni plastiki hiyo, ila hii hulazwa upya kila mara kioo kinapochorwa.

Programu nyingi huongeza tahadhari moja zaidi. Badala ya kuchora picha na alama hatua kwa hatua mbele ya mtumiaji, hali inayofanya kioo kimetemete, huchora kila kitu kwanza katika kumbukumbu iliyofichika, kisha huleta mchoro uliokamilika kwa mkupuo mmoja. Hili si pambo tu. Kioo kinachomemeteka huchosha macho, na macho yaliyochoka huona pungufu.

Hesabu ya mahali: mfano wa kipele cha tano

Daftari la alama lina masharti yake. Kubwa kuliko yote ni kwamba mahali pa alama paandikwe kwa vipimo vya picha, si kwa vipimo vya kioo. Namba mbili zinazotaja mahali pa nukta huitwa majiranukta: ya kwanza huhesabu kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka juu kwenda chini.

Chukua picha ya jicho iliyotajwa, yenye pikseli 4,000 kwa 3,000, inayoonyeshwa katika dirisha la nukta 800 kwa 600. Kila kitu kimepunguzwa hadi moja ya tano, yaani 0.2. Kipele kilichopo katikati ya picha, kwenye majiranukta 2,000 na 1,500, kitaonekana kwenye kioo mahali pa 400 na 300. Mhudumu anakizungushia. Programu sahihi hugawanya kwa 0.2 na kuandika katika daftari 2,000 na 1,500. Programu yenye kasoro huandika 400 na 300.

Sasa mhudumu anaikuza picha hadi nusu ya ukubwa wake halisi, na kona ya juu kushoto ya dirisha inaangukia majiranukta 1,500 na 1,000 ya picha. Programu sahihi hutoa 1,500 kutoka 2,000, huzidisha kwa 0.5 na kupata 250. Hutoa 1,000 kutoka 1,500, huzidisha kwa 0.5 na kupata 250 pia. Mduara unachorwa pale pale kipele kilipo. Programu yenye kasoro huendelea kuchora mduara kwenye 400 na 300 ya kioo, mahali ambapo sasa pana majiranukta 2,300 na 1,600 ya picha. Ikiwa katika picha hiyo pikseli 100 ni sawa na milimita moja, mduara umehama milimita tatu kulia na milimita moja chini. Hakuna onyo lolote lililotolewa. Mduara bado ni mzuri, mwekundu na nadhifu. Umezungushia tu utando usio na kitu.

Kasoro ya kipimo ni ya siri zaidi. Tuseme mtoto ana vipele vinne vyenye kipenyo cha pikseli 70, yaani milimita 0.7, na cha tano chenye pikseli 60, yaani milimita 0.6. Vyote vitano vinatimiza sharti la nusu milimita, kwa hiyo mtoto ana trakoma ya vipele. Mhudumu anavipima huku picha ikiwa imepunguzwa hadi 0.8 ya ukubwa wake. Programu inayohesabu nukta za kioo bila kurejesha kipimo cha picha itasoma vile vinne kuwa nukta 56, yaani milimita 0.56, na kile cha tano kuwa nukta 48, yaani milimita 0.48. Vinne vimehesabiwa, cha tano kimeachwa, na mtoto ameandikwa kuwa hana ugonjwa. Kama kosa lingetoa jibu la ajabu, mtu angelishtukia. Jibu la 0.48 halishtui mtu yeyote, na ndiyo maana ni hatari.

Ikumbukwe kwamba katika tathmini za vijijini uamuzi hufanywa kwa kulikagua jicho lenyewe kwa lenzi ya kukuza mara mbili na nusu, si kwa picha. Picha hutumika zaidi kufundishia wakaguzi, kulinganisha usomaji wao na kufanyia utafiti. Lakini mkaguzi aliyefundishwa kwa picha zilizopimwa vibaya huchukua kosa hilo na kwenda nalo kijijini. Wilaya huhesabiwa kuwa imefikia lengo pale trakoma ya vipele inapokuwa chini ya asilimia 5 kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 9. Karibu na mpaka huo, watoto wachache walioandikwa kimakosa wanaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya wilaya kuendelea kupewa dawa ya azithromycin na kuacha kupewa.

Kugeuza picha: kulia na kushoto

Programu nyingi huruhusu picha kuzungushwa au kugeuzwa kama katika kioo cha kujitazamia. Alama zilizoandikwa kwa majiranukta ya picha hugeuka pamoja nayo, kama inavyopaswa. Maandishi, hata hivyo, yanahitaji uangalifu: mahali pake pageuke, lakini herufi zenyewe zisisomeke kinyume. Kwa sababu hiyo programu nzuri huhesabu kwanza mahali papya pa maandishi, kisha huyachora yakiwa yamesimama wima.

Kwa mhudumu wa afya, funzo ni tofauti kidogo. Katika eksirei, herufi ya risasi inayowekwa na mpiga picha pembeni mwa mwili wakati wa kupiga ni sehemu ya ushahidi, kwa kuwa ilikuwapo pamoja na mgonjwa. Neno "kulia" lililoandikwa baadaye kwa kompyuta ni maoni ya aliyeliandika. Viwili hivi vikipingana, kazi isimame na mgonjwa mwenyewe aangaliwe kabla ya hatua yoyote ya upasuaji au ya kutoa maji kifuani.

Kuhifadhi na kutuma

Orodha ya alama ikibaki katika kumbukumbu ya muda tu, umeme ukikatika inapotea yote. Lazima iandikwe kwenye faili. Katika radiolojia kuna kanuni ya kimataifa iitwayo DICOM. Toleo la kwanza la kanuni hiyo lilitolewa mwaka 1985 na Chuo cha Radiolojia cha Marekani pamoja na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme wa nchi hiyo, na jina la DICOM lilianza kutumika mwaka 1993. Kanuni hiyo inaruhusu alama, vipimo na mpangilio wa mwanga kuhifadhiwa katika faili iliyotengana na ya picha, huku ikitaja ni picha gani inayohusika. Hivyo daktari wa Dodoma anaweza kuweka mshale juu ya picha, naye daktari wa Manyoni au Mpwapwa akaufungua, akauficha, akaitazama picha tupu, kisha akaurudisha.

Kwa picha za kawaida, kama zile za macho au za ngozi, zipo programu zisizolipiwa zenye uwezo huo. ImageJ, iliyoanzishwa na Wayne Rasband katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, hutunza alama katika tabaka la juu na huweza kulihifadhi pamoja na picha katika faili ya aina ya TIFF bila kugusa pikseli za chini.

Tatizo huja pale picha inapotoka katika mfumo huo. Mara nyingi daktari aliye mbali hutumiwa picha ya kioo iliyopigwa kwa simu. Picha hiyo imekwisha kuunganisha ushahidi na maoni kuwa kitu kimoja, imepoteza kipimo cha milimita, na imebanwa ili ipite kwenye mtandao. Inaweza kufaa kwa ushauri wa haraka, lakini haifai kupimia kitu wala kuwekwa kwenye jalada kana kwamba ndiyo picha ya awali.

Pale ambapo tabaka halitoshi: jina la mgonjwa

Kanuni iliyoelezwa mpaka hapa ni kutenganisha alama na picha. Lipo jambo moja ambalo kanuni hiyo hugeuka. Picha inapopelekwa darasani au kwenye mkutano, jina na namba ya jalada la mgonjwa havipaswi kuonekana. Wapo wanaochora mstatili mweusi juu ya jina na kuona kazi imekwisha. Lakini ikiwa mstatili huo ni alama ya tabaka la juu, jina bado lipo chini yake. Yeyote atakayeifungua faili na kuondoa tabaka atalisoma. Jina linaweza pia kuwa limeandikwa katika maelezo ya faili, ambayo hayaonekani kabisa kwenye kioo.

Hapa ndipo pikseli zinapopaswa kufutwa kwa kweli, lakini katika nakala, kamwe si katika faili ya awali. Maelezo yaliyofichika yafutwe pia. Hatua hii ni wajibu wa kitabibu na wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi wa pekee. Uso na macho ya mtoto wa kijijini vinastahili stara ile ile anayopewa mtu mzima mwenye cheo.

Mambo ya kuzingatia kwa wahudumu wa afya

Kabla ya kuiamini programu mpya, ijaribiwe kwa dakika chache. Fungua picha isiyo ya mgonjwa, zungushia kitu kinachotambulika kwa urahisi, kisha badilisha ukubwa wa dirisha, lishushe na ulirudishe. Alama ibaki. Kuza picha na uisogeze. Alama ishikamane na kitu kile kile. Pima urefu mmoja katika viwango vitatu tofauti vya ukuzaji. Jibu liwe moja. Geuza picha, maandishi yasomeke. Ficha alama, picha ionekane safi. Hifadhi, funga programu, fungua tena. Kila kitu kiwe kama kilivyoachwa. Programu ikishindwa hata jaribio moja, isitumike kupimia hadi itakaporekebishwa.

Picha ya jicho ipigwe ikiwa na kipimo cha milimita ndani yake kila inapowezekana, kwa kuwa bila kipimo hicho hakuna programu inayoweza kujua nusu milimita ni pikseli ngapi. Msomaji wa pili asome kwanza alama za mwenzake zikiwa zimefichwa, ndipo zilinganishwe. Kila alama iwe na jina la aliyeichora na tarehe. Faili ya awali ihifadhiwe mahali ambapo haiwezi kuandikwa juu yake.

Mambo ya kuzingatia kwa wagonjwa na wazazi

Mgonjwa anayeonyeshwa mshale au mduara kwenye picha yake aelewe kwamba mchoro huo ni maelezo ya daktari na haukutolewa na mashine. Ana haki ya kuuliza: alama hii inaonyesha nini? Aliichora nani? Naweza kuiona picha bila alama? Anapopewa rufaa kwenda hospitali nyingine, aombe kupewa picha halisi kwenye diski au kwa njia nyingine rasmi, pamoja na taarifa iliyoandikwa, badala ya kutegemea picha ya simu peke yake. Mzazi ambaye mtoto wake amepigwa picha ya jicho wakati wa tathmini anaweza kuuliza itatumika wapi na nani ataiona, na aombwe ridhaa kabla ya picha kupigwa.

Hitimisho

Picha ya tiba ni ushahidi, na alama iliyo juu yake ni maoni. Vyote viwili vinahitajika. Ushahidi usio na maoni humwacha mhudumu mchanga akihangaika asijue pa kutazama, na maoni yaliyomeza ushahidi hayawezi kusahihishwa tena. Programu inayochora picha kwanza na alama baadaye, ikazitunza mbalimbali, na ikaandika mahali pa kila alama kwa vipimo vya picha yenyewe, humpa msomaji wa pili nafasi ya kukubali au kukataa alichokiona wa kwanza. Kwa mtoto mwenye vipele vitano, nafasi hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomtenga na makovu, na hatimaye na upofu ambao ungeweza kuzuiwa.